Ngozi, Pamba na Lebo: Kwa Anayeanza Kujifunza Taksidemia

Nimeombwa niseme na watu ambao hawajawahi kushika kisu cha kazi hii, na ombi hilo nimelipokea kwa furaha. Mafundi waliobobea hawana haja ya mihadhara. Shida yao wao ni macho ya kioo yaliyokwama forodhani.

Taksidemia ni ufundi wa kuchuna ngozi ya mnyama aliyekufa, kuihifadhi isioze, kisha kuivika juu ya umbo la kutengenezwa hadi mtazamaji amwone mnyama kama alivyokuwa hai. Hiyo ndiyo sura inayojulikana: simba wa ukumbi wa hoteli, kichwa cha nyati ukutani. Ipo sura nyingine ambayo wageni wa makumbusho hawaioni. Nyuma ya kumbi za maonyesho kuna makabati yenye droo pana, na ndani ya droo hizo ndege wamelazwa chali safu kwa safu, mbawa zimebanwa ubavuni, pamba nyeupe imekaa mahali pa macho, miguu imefungwa pamoja kwa uzi wenye lebo. Hawapendezi hata kidogo. Nimekuja kuwashawishi muanze na hao wasiopendeza, na muamini kwamba ile lebo ya mguuni ina thamani kuliko manyoya yote yaliyo juu yake.

Niwape mfano wa mwanafunzi mmoja. Mwanzoni mwa 1826, mjini Edinburgh, Uskoti, kijana wa familia yenye uwezo aliyepelekwa kusomea udaktari, na udaktari ukawa haumwingii, alitafuta mtu wa kumfundisha kutengeneza ndege. Akampata John Edmonstone, mtu mweusi kutoka Demerara, katika Guyana ya leo, aliyekuwa mtumwa huko na akawa huru baada ya kufika Uskoti. Ada ilikuwa gini moja, somo la saa moja kila siku kwa miezi miwili. Kijana huyo alikuwa Charles Darwin, na alikuwa hajatimiza miaka 17.

Edmonstone mwenyewe alifundishwa kule Demerara na Charles Waterton, msafiri wa Kiingereza mwenye vituko vingi, ambaye katika kitabu chake cha 1825 alimlalamikia kuwa mzito wa kuelewa. Sina la kumjibu Waterton ila hili: huyo mzito wa kuelewa ndiye aliyemfundisha Darwin. Na Darwin, alipoandika habari za maisha yake uzeeni, alimkumbuka mwalimu wake kuwa mtu mwenye akili, wa kupendeza kukaa naye. Jina lake hakulitaja. Hiyo ni desturi ya muda mrefu katika fani hii, na safari nyingi za kukusanya wanyama zilizopita Afrika Mashariki na Kongo ziliifuata: mwenye bunduki anaandikwa, mchunaji aliyekesha na kisu na chumvi haandikwi.

Miaka mitano baada ya masomo yale Darwin akapanda merikebu ya Beagle, akazunguka nayo dunia tangu 1831 hadi 1836. Ndege aliowachuna njiani walifika London wakiwa katika hali nzuri, maana mikono yake ilikuwa imefundishwa. Lakini katika visiwa vya Galápagos, mwaka 1835, wale ndege wadogo ambao leo wanaitwa kwa jina lake hakuwaandikia wametoka kisiwa kipi. Mtaalamu wa ndege John Gould alipowachunguza mapema 1837 akasema wote ni wa jamaa moja, Darwin ikabidi aazime ngozi walizokusanya nahodha FitzRoy na wengine wa merikebuni, kwa sababu wao walikuwa wameandika visiwa. Angalau kwa jamii nyingine ya ndege wa kule, wale hodari wa kuiga sauti, aliandika kila mmoja alikotoka, na hao ndio waliomtia wazo la kwanza kwamba viumbe hubadilika. Ngozi zilikuwa nzuri pande zote mbili. Tofauti ilikuwa ni lebo.

Sasa tuje mezani. Utaanza na mnyama gani?

Anza na kuku. Najua wengi mmekuja na ndoto ya tai au chui, na wapo ambao washaniuliza juu ya mamba. Anza na kuku wa kienyeji, tena tembe mdogo asiyenona. Kuku wa kisasa ana mafuta mengi chini ya ngozi, na mafuta ndiyo adui mkubwa wa kazi hii: yasipokwanguliwa yote, baada ya miezi yanapenya hadi kwenye manyoya, yanageuka rangi ya kutu na kunuka. Bata ni mbaya zaidi. Njiwa ana sifa ya kuwa mdogo na safi, lakini ngozi yake huchanika kwa kuguswa na manyoya yake hung'oka kwa kutazamwa. Walimu wanaowaanzishia wanafunzi kwa njiwa huwa wanapoteza wanafunzi. Jogoo naye ana kilemba kikubwa, na kilemba hukauka kikasinyaa, hakuna dawa ya pamba itakayokirudisha. Tembe mdogo hana makuu hayo.

Kisha kuku ni mali yako, hakuna atakayekuuliza. Ndege wa porini siyo. Hapa Tanzania, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, mnyama wa porini na kila kiungo chake ni nyara ya serikali, awe ameuawa au umemkuta amekufa kando ya barabara kwa kugongwa na basi. Kuokota siyo kumiliki. Wenzetu wa Kenya walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria yao ya 2013 ni kali vilevile kwa anayekutwa na kipande cha mnyama bila kibali. Juu ya hapo kuna mkataba wa kimataifa wa CITES, wa 1973, unaosimamia viumbe walio hatarini wanapovushwa mipaka. Kwa hiyo ukifika hatua ya kutaka ndege wa porini, nenda kwanza ofisi ya wanyamapori, upate kibali cha maandishi, na nakala yake ikae pale unapofanyia kazi. Sikutishi. Nasema kwa sababu nyara huletea watu kesi ambazo hawakuzitarajia.

Watu huniuliza juu ya kunguru, yule mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale taka, akaishia kula vifaranga, mayai na utulivu wa miji yote ya pwani. Yupo tele, na hakuna anayempenda. Bado nasema hapana. Miji kadhaa imempiga vita kwa sumu, na wewe hujui huyo uliyemwokota jalalani amekufa kwa nini. Kanuni hiyo ni ya wote: mnyama aliyejifia asiguswe na mwanafunzi. Kuku aliyejifia huenda ana kideri. Ndege wa majini huenda ana homa ya mafua ya ndege. Na swala aliyelala porini akiwa amevimba na kutoka damu puani huenda ameuawa na kimeta, ugonjwa ambao vijidudu vyake hukaa ardhini miaka na miaka vikimsubiri anayechuna. Vaa glavu hata kwa kuku mzima wa afya.

Kuku wako atachinjwa kama kawaida, na nyama yake italiwa. Shingo iliyokatwa utaishona kwa ndani, na damu utaifuta kwa maji baridi na sabuni, siyo maji ya moto, maana joto huigandisha damu kwenye manyoya. Ila kumbuka: boraksi, ile dawa ya unga ya kuhifadhia ngozi, isiguse nyama. Wakati wa kuchuna tumia unga wa mahindi tu kunyonya unyevu. Boraksi ingoje hadi kiwiliwili kimeondolewa mezani na kupelekwa jikoni.

Kabla ya kisu, tazama. Mpime uzito. Mpime bawa kwa rula. Andika rangi ya jicho, ya mdomo, ya mguu, ya ngozi iliyozunguka jicho. Haya yanaandikwa kwanza kwa sababu ndiyo yanayokufa kwanza: jicho la kuku ndani ya saa chache huwa ukungu, na mguu wa manjano baada ya kukauka ni wa kahawia hafifu. Anayekuja kupaka rangi baadaye bila kuandika anapaka kwa kukisia, nasi tunaendelea kumlaumu mnyama.

Mlaze chali. Ziba koo na njia ya haja kwa pamba ili kisitoke kitu kikachafua manyoya. Tenganisha manyoya ya kidari kwa kuyapuliza, utauona mstari usio na manyoya kando ya mfupa wa kidari. Kata hapo, ngozi tu, kuanzia katikati ya kidari hadi karibu na njia ya haja. Ukiona matumbo umekata kwa kina mno. Kuanzia hapa kisu kinapumzika. Kazi inafanywa na vidole na mpini wa kisu, na mwendo wake ni wa kusukuma nyama itoke kwenye ngozi. Anayevuta ngozi itoke kwenye nyama anairefusha, na ngozi iliyorefuka haikubali tena kurudi. Kila unapoona unyevu, nyunyiza unga.

Utafika gotini. Goti la kuku siyo lile pindo linaloonekana limekunjika kinyumenyume. Lile ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limejificha chini ya manyoya ya paja. Lisukume juu lichomoze, kata kwenye kiungo, kisha vuta mfupa wa mguu nje ya ngozi, ukwangue nyama yake yote, urudishe. Fanya hivyo upande wa pili. Mkiani, acha kile kifupa cha mwisho ambacho mizizi ya manyoya ya mkia imekishika. Ukikiondoa, mkia wote unabaki mkononi mwako. Sasa ngozi inageuka ndani nje kuelekea kichwani. Mbawa zinakatwa begani. Shingo inatoka.

Kichwani ndipo mtu anapojulikana. Ngozi inapita juu ya fuvu taratibu mpaka inakwama sehemu mbili, kushoto na kulia: hayo ni masikio. Ndani ya kila tundu kuna kifuko chembamba cha ngozi kilichozama kwenye mfupa. Asiyejua hukata hapo, na ndege wake anatoka na tundu pande mbili za kichwa kana kwamba amepigwa risasi. Chukua kibano, shika kifuko kwenye shina lake, kivute polepole; kitatoka kizima. Halafu macho. Kuna utando baina ya kope na mboni. Unaukata karibu na mboni, mbali na kope, kwa sababu kope ikichanika hakuna uzi mwembamba wa kutosha kuificha. Mboni zinatolewa nzima, bila kupasuka. Nyuma ya fuvu unapanua tundu na kutoa ubongo. Ulimi unatoka. Sasa fuvu na mdomo vimebaki kwenye ngozi, safi, na kiwiliwili kiko pembeni.

Kabla hakijaenda jikoni, kifungue. Mgongoni, karibu na figo, utaona vitu viwili vyeupe mfano wa maharage, hapo ni dume. Au upande wa kushoto peke yake utaona kishada cha vijiyai, hapo ni jike. Kuku jike ana ovari moja inayofanya kazi, ya kushoto. Kwa kuku mnaweza kucheka, mkasema jinsia tunaijua kwa kutazama. Kwa ndege wengi wa porini dume na jike wanafanana sare, na dakika hii moja ndiyo itakayoamua kama lebo yako itasema ukweli au itaweka alama ya kuuliza milele.

Ngozi ikikwanguliwa mafuta yote, inaoshwa kwa sabuni ya kuoshea vyombo, inakaushwa kwa unga na upepo hadi manyoya yasimame tena, kisha upande wa ndani unapakwa boraksi. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu juu ya sababu yake. Ni kanuni ileile ya ng'onda: toa maji, ondoa mafuta, nyima vijidudu na funza mahali pa kuishi. Kwa ngozi nene za wanyama wenye manyoya mafupi, chumvi nyingi hutangulia, kisha ngozi inadabighiwa, na shabu ni mojawapo ya dawa za zamani za kazi hiyo.

Kuna dawa moja ya zamani ambayo lazima niitaje kwa sababu bado iko nasi. Karne ya 18, mfamasia wa Metz huko Ufaransa, Jean-Baptiste Bécoeur, alitengeneza sabuni ya arseniki, na baada ya kifo chake siri ilipochapishwa, makumbusho ya dunia nzima yaliipokea. Wadudu walishindwa. Lakini arseniki haiondoki. Kichwa cha kongoni alichoacha babu wa mtu ukutani tangu enzi za ukoloni huenda bado kina sumu ile, na anayekipangusa vumbi kwa kanga bila kinga anaivuta puani. Vitu vya zamani msivishike kwa mikono mitupu, na msijaribu kuvitengeneza upya.

Baada ya boraksi, ngozi inageuzwa nje. Pamba machoni, kijiti kilichozungushiwa pamba kiwe shingo na mgongo, mwili wa pamba usiozidi ule uliotoa. Usizidishe! Mkono wa mwanafunzi unapenda kujaza. Shona, funga mdomo kwa uzi, pishanisha miguu, funga lebo, mzungushie kitambaa chepesi, mweke akauke kivulini penye upepo. Siyo juani, jua hufifisha rangi na kuyeyusha mafuta yaliyobaki. Dar es Salaam na Mombasa unyevu wa masika utakupa ukungu usipokuwa na feni. Na popote ulipo, weka miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo, la sivyo sisimizi watamaliza usiku mmoja kazi yako ya mchana kutwa. Paka wa nyumbani mtajuana wenyewe.

Tuje kwenye lebo. Iwe karatasi ngumu, iandikwe kwa penseli au wino usiofutika, pande zote mbili ikibidi. Mahali: kijiji, wilaya, mkoa. Tarehe, na mwezi uandikwe kwa jina, kwa sababu 3/4 kwa Mwingereza ni Aprili na kwa Mmarekani ni Machi. Jinsia, uzito, rangi za vitu vinavyofifia, alichokuwa amekula kama ulitazama. Na jina la aliyechuna, yaani wewe. Andika jina lako kamili. Wachunaji wasioandikwa wametosha.

Mnaweza kuona nashikilia kikaratasi kuliko inavyostahili. Basi sikilizeni habari ya tausi wa Kongo. Mwaka 1909 Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la New York liliwatuma Herbert Lang na James Chapin kwenye misitu ya kaskazini mashariki ya Kongo, wakakaa huko hadi 1915. Mwaka 1913, huko Ituri, Chapin alipata unyoya mmoja uliopachikwa kwenye kofia ya mwenyeji. Ulikuwa wa bawa, una michirizi, na haukufanana na wa ndege yeyote aliyemjua. Akaurudisha Marekani, akauweka. Miaka 23 ukakaa hivyo. Mwaka 1936 alikuwa Tervuren, Ubelgiji, kwenye makumbusho ya Kongo, akaona juu ya kabati ndege wawili waliosimamishwa, wamesahaulika na wamechakaa. Lebo zao zilisema ni tausi wa Kihindi, makinda, waliopelekwa Kongo kufugwa. Chapin akatazama manyoya ya mabawa. Yalikuwa yale ya kofia.

Ndege wale walikuwa wamefika pale mwaka 1914 wakitoka kampuni moja ya Kasai. Yaani zaidi ya miaka 20, ndege mkubwa kuliko kuku, jamaa pekee wa tausi aliyezaliwa Afrika, alisimama mbele ya wataalamu, na hawakumwona kwa sababu kikaratasi kilisema ni wa Kihindi. Chapin akampa jina la kisayansi, Afropavo congensis, mwaka huohuo, na 1937 akarudi Kongo kumtafuta aliye hai. Watu wa msituni hawakuhitaji kugunduliwa lolote; walikuwa wakimla na kujipamba kwa manyoya yake tangu zamani. Kama aliyewachuna wale wawili wa mwanzo angeandika kijiji na maneno matano ya mwenyeji aliyewaleta, kitendawili kile kingeteguliwa mapema.

Kusimamisha mnyama ni hatua ya pili, nami nitaigusa kwa kifupi kwa sababu mtu hasimamishi asichoweza kuchuna. Jambo moja tu linatosha: umbo la ndani halitoki kichwani mwako, linatoka kwa mnyama. Katika Jumba la Horniman, London, kuna walrasi, yule mnyama wa bahari za barafu mwenye meno marefu, aliyeonyeshwa hapo mjini mwaka 1886. Waliomtengeneza hawakuwahi kumwona akiwa hai. Hawakujua kwamba ngozi yake ina mikunjo mingi, wakaendelea kujaza mpaka mikunjo yote ikaisha. Yupo hadi leo, amevimba, laini, na watoto wanampenda sana.

Aliyeiondoa fani hii kwenye majani makavu na matambara alikuwa Carl Akeley, Mmarekani aliyezaliwa 1864. Yeye alipima kila kiungo porini, akapiga picha, akachukua kalibu ya uso wa mnyama kabla haujabadilika, kisha akafinyanga misuli na mishipa kwa udongo juu ya kiunzi. Kutoka kwenye udongo akatoa kalibu ya plasta, na kutoka kwenye kalibu akatoa umbo jepesi lililo wazi ndani, ambalo ngozi iliyodabighiwa ilikaa juu yake bila shuruti. Mtu huyuhuyu alibuni mashine ya kurushia saruji ukutani, ambayo mafundi ujenzi wanaitumia hadi leo bila kujua ilianzia kwa mtengeneza tembo. Mwaka 1921 aliua sokwe wa milimani kwa ajili ya makumbusho, na baada ya hapo akawa mmoja wa waliomsihi Mfalme Albert wa Ubelgiji awalinde. Hifadhi ikaanzishwa 1925, nayo leo tunaiita Virunga. Akeley alifariki 1926 kwenye mteremko wa Mlima Mikeno, akazikwa hukohuko. Ukumbi wa wanyama wa Afrika unaoitwa kwa jina lake ulifunguliwa New York mwaka 1936.

Wale simba wawili wa Tsavo nao wana somo. Mhandisi J. H. Patterson aliwaua Desemba 1898 baada ya simba hao kuwatesa wafanyakazi wa reli ya Uganda kwa miezi, akageuza ngozi zao mazulia. Zilikanyagwa karibu robo karne, mpaka mwaka 1924 alipoziuza kwa makumbusho ya Field, Chicago, kwa dola 5,000. Fundi alipozipokea zilikuwa na matundu, zimechakaa na zimepunguzwa kingoni, kwa hiyo simba mnaowaona Chicago ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Anayetaka kuwajua kwa kweli asitazame ngozi, atazame mafuvu, ambayo yalihifadhiwa pia. Mwaka 2024 watafiti walichapisha walichokipata kwenye matundu ya meno yao: nywele zilizogandamana humo, na katika nywele hizo wakasoma mlo wao. Twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia, na binadamu. Nywele zile zilikaa miaka 125 zikingoja chombo cha kuzisoma. Ndiyo maana nawaambia msitupe kitu: fuvu, yaliyomo tumboni, hata utitiri ulioukuta kwenye manyoya, vyote vipewe namba ileile iliyo kwenye lebo.

Mtaulizwa nyumbani, kwa hiyo nimalizie na hilo. Ndugu zenu watauliza kama kazi hii ni halali, na majirani watauliza kama ni uganga. La kwanza kaulizeni kwa mashekhe na wachungaji wenu. Mimi siyo msemaji wao. La pili nawashauri kivitendo: msianze na bundi. Bundi mkavu sebuleni ni barua ya kuitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Fanyeni kazi mlango ukiwa wazi, watoto wa jirani waangalie, na waonyesheni daftari. Anayeona mizani, rula na penseli hupunguza hofu.

Kwa wakuu wa makumbusho na vyuo waliomo humu, ombi langu ni moja. Ndege wa nchi hii wamejaa kwenye droo za London, Berlin na New York, na kila mwaka mwanafunzi wa hapa anayetaka kuwalinganisha analazimika kuomba picha. Tunahitaji droo zetu zijazwe na mikono yetu, na mikono hiyo haitapatikana kwa kununua wanyama waliokwisha kusimamishwa. Itapatikana mkitupa chumba kimoja chenye maji, feni na friza, kifunguliwe siku moja kwa juma.

Wanafunzi, karatasi ya kujiandikisha iko mezani pale mlangoni. Tunaanza Jumamosi saa mbili asubuhi. Kila mmoja aje na tembe wake mzima wa afya, unga kilo moja, kisu kidogo kikali, daftari na penseli. Boraksi na glavu tutatoa sisi. Asiyeandika lebo hataondoka na ndege wake.